Themanini na Nane kwa Mia

Mwalimu wetu wa sayansi tulimwita Subiri, na jina hilo alijitafutia mwenyewe. Ukimuuliza swali, subiri. Ukimwomba ruhusa ya kutoka, subiri. Siku moja nyuki aliingia darasani, sote tukapanda juu ya madawati, yeye akasimama na chaki yake mkononi akasema tusubiri, atatoka. Nyuki alitoka baada ya kumuuma mwalimu mkuu, aliyekuja kuuliza kelele ni za nini.

Alikuwa bado kijana. Alikuja kwetu na sanduku la bati na baiskeli isiyo na breki, na kitu alichokipenda duniani kilikuwa mbegu. Walimu wengine walifundisha kwa kitabu. Yeye alitutoa nje, akatupitisha kwenye majani marefu nyuma ya vyoo, kisha akatukalisha chini tuhesabu mbegu zilizonasa kwenye soksi na kwenye pindo za sketi. Zenye ndoano tuliziweka upande wao, zenye mabawa upande wao. Zile ambazo ndege huzila na kwenda kuziangusha mbali tulizitafuta kwenye mavi ya ndege juu ya ukuta, jambo lililowafanya mama zetu waulize kama kweli tunakwenda shule. Tulizibandika kwenye karatasi ngumu kwa gundi ya unga na kuandika chini yake kila moja ilivyosafiri. Mende walikula gundi usiku, mbegu zikadondoka, tukabandika upya.

Mimi nilikuwa kiranja wa mbegu. Nilipewa ufunguo wa darasa, nikautundika shingoni kwa kamba ya kiatu, na nikawa sishikiki. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Baba, fundi baiskeli, alisema tangu nipewe ule ufunguo nimeanza kutembea kama mtu mwenye nyumba tatu.

Dawati langu nililikalia na msichana ambaye darasa zima lilimwita Mkia, kwa kuwa alishika mkia katika kila mtihani tangu darasa la kwanza: wa arobaini na mbili kati ya watoto arobaini na wawili. Hakuwa mjinga. Mama yake alikuwa mjane, anaishi kwa kufua nguo za watu, na kila alfajiri wawili hao walichota maji mapipa mawili kabla ya shule. Akifika darasani usingizi ulimchukua kabla majina hayajamalizwa kuitwa. Mimi sikumwita Mkia. Nilimwita mwenzangu, na hapa pia nitamwita hivyo. Sisemi haya ili nisifiwe. Subirini mfike mwisho.

Wiki mbili hivi kabla ya mvua, Subiri alituagiza kila mmoja alete punje mia moja za mahindi, zitoke kwenye zile mbegu ambazo nyumba yake itazipanda msimu huo. Zisichaguliwe. Mtu atumbukize mkono kwenye chombo na kuchota, kubwa kwa ndogo. Alichana shuka kuukuu mbili vipande vipande, kila mtoto akapata kitambaa chake, tukapanga punje mistari kumi, kila mstari punje kumi. Tukakunja, tukafunga kwa uzi, tukachomeka karatasi yenye jina. Vitambaa arobaini na viwili vililala kwenye mabeseni juu ya rafu ya nyuma, na kazi yangu ilikuwa kuja kila asubuhi kabla ya kengele nivinyunyizie maji. Siku ya saba vingefunguliwa na zilizochipua zingehesabiwa.

"Mbegu iliyolala na mbegu iliyokufa zinafanana," alituambia. "Huwezi kuzijua kwa macho. Lazima uziamshe."

Mtu mmoja aliuliza, je, zikishahesabiwa, hesabu hiyo ni ya nini. Subiri alikuwa anafunga kitambaa cha mwisho, uzi uko katikati ya meno. Akasema subiri.

Hilo ndilo kosa lake, na nilimkasirikia kwa ajili yake miaka mingi, nadhani ili nisipate nafasi ya kujikasirikia mwenyewe. Mwalimu aliyeeleza kwa nini mbegu zinazonasa kwenye soksi zina ndoano hakutueleza kwa nini tunahesabu. Alituambia tu kwamba kila mtoto atapata namba yake, kwa mia, apeleke nyumbani. Wino uliokuwamo ofisini mwezi ule ulikuwa mwekundu, na karatasi zilizokuwapo ni zile ndogo za matokeo ya mtihani. Sasa mwambie mtoto wa shule kwamba ataandikiwa namba kwa mia, kwa wino mwekundu, kwenye karatasi ya matokeo, halafu umwambie si alama. Kufikia jioni shule nzima ilijua kwamba Ijumaa ijayo kuna mtihani wa mbegu, hamsini ndiyo kufaulu, na chini ya hapo ni fimbo. Fimbo hiyo sijui aliiongeza nani.

Nyumbani nako habari zilifika. Kibonge, aliyekaa mbele yetu, alisema baba yake amemwambia asirudi na chini ya themanini. Bibi mmoja jirani alikuja shuleni kuomba punje za mjukuu wake zibadilishwe, maana alichota zile za kuku. Subiri alicheka, akamwambia asiwe na wasiwasi. Angemweleza siku ile, mambo yangekuwa mengine.

Siku ya tano nilifungua vitambaa nichungulie. Haikuruhusiwa, lakini ufunguo ulikuwa shingoni mwangu. Changu kilikuwa kizuri, vizizi vyeupe vimejaa mistari yote, maana bibi yangu alihifadhi mbegu kwa majivu na hakuruhusu mtu mwingine aguse chombo chake. Kisha nikafungua cha mwenzangu. Mistari kumi ya mahindi yaliyolala. Nilitafuta kizizi hapa na pale, nikaviona vichache mno, nikafunga haraka. Nilijua sababu. Msimu uliopita paa lao lilivuja, mbegu zikalowa, na mama yake, kwa kuogopa zisioze, akazianika juu ya bati, bati juu ya moto. Zilikauka vizuri, zikang'aa. Moto ulikuwa umeziua zikiwa bado nzuri machoni.

Sikuwa peke yangu niliyechungulia. Wavulana wawili walipitia dirishani wakati wa mapumziko, na walipotoka walikuwa na wimbo: hata mbegu zake zimeshika mkia. Waliuimba hadi kengele ikalia. Mwenzangu alikaa dawatini akitazama mbele. Hakulia. Aliniuliza kwa sauti ndogo kama ni kweli, nami nikamwambia asubiri hesabu. Aliponiona ninakwepa macho yake, alielewa.

"Mtihani nikifeli, nimefeli mimi," akasema. "Hizi ni mbegu za mama. Zikifeli, amefeli mama."

Nilimpenda mwenzangu, na niliwachukia wale wavulana, na nilijipenda mwenyewe kupita wote. Vitu vitatu hivyo vikikutana katika mtoto mwenye ufunguo, jambo haliwezi kuisha vizuri. Nyumbani, chini ya kitanda changu, nilikuwa na sufuria yenye punje nyingine za bibi zilizofungwa kwenye tambara bichi. Nilikuwa nimeziweka siri, ili nijue alama yangu kabla ya wengine. Zilichipua kwa wingi.

Asubuhi ya Alhamisi nilifika shuleni kabla ya mfagiaji. Nilifungua kitambaa cha mwenzangu juu ya meza ya mwalimu. Zake zilizochipua niliziacha mahali pake. Zilizokufa nilizitoa moja moja na kupanga za bibi katika nafasi zao, mizizi nikiiangalia isivunjike, mpaka zilizo hai zikafika themanini na nane. Nilikuwa mwangalifu: tisini ingezua maneno. Nikaziacha kumi na mbili zilizokufa, ili ionekane kweli. Zile zilizokufa nilizozitoa nilikwenda nikazitupa chooni. Wanasema tenda wema uende zako. Nilirudi darasani nikiimba.

Ijumaa tulihesabu. Subiri aliita jina, mtoto akafungua kitambaa mbele ya wote, wakahesabu pamoja, namba ikaandikwa. Mimi tisini na saba. Kibonge thelathini na moja, akarudi kukaa akiwa ameinamisha kichwa mpaka kidevu kimeingia kwenye kola. Ilipofika zamu ya mwenzangu, wale wavulana walikuwa wameshaanza kukohoa. Alifungua uzi, akakunjua. Alikitazama kitambaa, akanitazama mimi, akakitazama tena. Subiri alihesabu kwa sauti, akaandika, akampa karatasi yake, akasema vizuri sana. Nadhani alikuwa hajawahi kuambiwa hivyo katika chumba kile. Alirudi dawatini akiwa ameishika karatasi kwa ncha za vidole ili wino usichafuke, na mkono wake mwingine ukautafuta wangu chini ya dawati, ukaubana.

Hapo ndipo Subiri alipoweka kalamu chini na kutueleza.

"Aliyepata chini ya sitini, mbegu za kwao si za kupanda," akasema. "Kesho mzazi wake aje na karatasi hii. Atapimiwa mbegu nzuri kutoka kwenye gunia lililoko ofisini. Nimeliomba kwa barua tatu, na ni moja tu, kwa hiyo ni la hao. Waliopata zaidi wana mbegu zao."

Kibonge aliinua kichwa kutoka kwenye kola. Watu walianza kuonyeshana namba zao upya, na aliyecheka mwanzo sasa akawa anafikiri. Mimi niliushika ufunguo. Mwenzangu hakusikia hata neno. Alikuwa anaitazama karatasi yake.

Mama yake aliipachika ukutani, juu ya kitanda, kando ya picha ya marehemu mume wake. Nilikwenda kwao jioni ile nikaiona. Aliniandalia kiti, akanieleza, huku akikamua shuka la mtu, jinsi zile mbegu zilivyomnyima usingizi tangu paa livuje. Alikuwa ameshapanga kumwomba shemeji yake debe moja la mbegu, ingawa shemeji huyo akikupa kitu mtaa mzima hujua. Sasa alikuwa ametuma ujumbe kwamba haihitajiki. Alicheka akisema hivyo. Nilikuwa sijawahi kumsikia akicheka, na nilitaka ardhi ipasuke nidumbukie.

Jumamosi nilikwenda shuleni niseme. Wazazi saba walikuwa wamepanga foleni mlangoni mwa ofisi na vyombo vyao, Subiri anapima kwa kikopo, mashavu yamejaa vumbi la gunia. Nikasimama pembeni. Nikamwita. Bila kuinua kichwa akasema, "Subiri." Nilisubiri kidogo. Nikaufikiria ufunguo, nikaifikiria fimbo, nikazifikiria nyuso za wale wavulana wakijua, na mwenzangu akiitwa Mkia mara mbili ya zamani. Nikaondoka. Nimewaambia watu maisha yangu yote kwamba aliniambia nisubiri, na ni kweli aliniambia. Lakini gunia lilikuwa bado nusu, na mimi nilikuwa na miguu ya kusimama.

Mvua ya kwanza ilinyesha Jumatano. Alhamisi, kengele ya kutoka ilipolia, nilikimbia hadi shamba lao nyuma ya nyumba. Mama yake alikuwa akipiga mashimo kwa jembe, mwenzangu akifuata nyuma na kibakuli, punje tatu kila shimo, akifukia kwa mguu. Walikuwa wameshafika katikati. Nilimwamkia mama, nikamwambia ninalo neno. Na pale pale kwenye matope nikalisema lote: sufuria chini ya kitanda, asubuhi ya Alhamisi, chooni. Nililia nilipokuwa nikisema, na nadhani kilio ndicho kilichoharibu, maana nilionekana mtoto aliyechapwa anayetafuta wa kumsingizia.

Mama yake alisimamisha jembe, akaniangalia. Hakukasirika. Nilitamani akasirike.

"Mwanangu," akasema, "karatasi ile imeandikwa na mwalimu. Wewe umetumwa na nani?"

Nikaapa kwamba sijatumwa. Akauliza kama kuna mtu kwetu aliyechukizwa na namba ya mtoto wake. Akasema anajua jinsi watu walivyo, maskini akiinua kichwa kidogo wanamtafutia kofi. Aliyasema hayo polepole, kama mtu anayejieleza mwenyewe. Mwenzangu alikuwa amesimama na kibakuli chake kifuani. Alikuwa amekiona kitambaa kile siku ya hesabu, na alikuwa amenitazama. Katika watu wote duniani, yeye ndiye aliyeweza kuniamini.

"Ulitaka nishike mkia mpaka lini?" akaniuliza.

Kisha akainama, akaweka punje tatu kwenye shimo.

Nilirudi nyumbani, na nitasema kitu ambacho sijapata kukisema kwa mtu: nilipata nafuu. Nilijiona nimetua mzigo. Nimesema, wamekataa, yangu yamekwisha. Usiku ule nililala fofofo.

Baada ya hapo mwenzangu alihama dawati. Alikwenda kukaa mbele, karibu na Kibonge, na hakuna tena aliyemwita Mkia. Alianza kunyoosha mkono. Mara ya kwanza aliponyoosha, mwalimu wa hesabu alidhani anaomba kwenda chooni. Alijibu, na jibu likawa sahihi. Wiki ya pili tulipewa jaribio la hesabu, hamna mbegu humo, hamna mkono wangu humo, akapata hamsini na mbili. Hamsini na mbili zake halali. Sijui niliweke wapi jambo hilo hata leo. Nikilifikiria sana hunitia hasira, na sijui hasira hiyo ni ya nani.

Siku ya saba baada ya kupanda, mahindi ya bibi yalichomoza. Ya jirani yakachomoza, ya akina Kibonge yakachomoza, yale ya gunia yakawa mbele ya yote. Nilipita kwenye shamba la mwenzangu kila siku nikienda shule na kila siku nikirudi. Palikuwa na mche mmoja karibu na njia. Baadaye nikauona mwingine upande wa mgomba. Siku ya kumi nilimkuta mama yake amechuchumaa, anafukua mashimo kwa kijiti. Nikapitia njia nyingine. Mficha uchi hazai, walisema wakubwa, na mimi nilikuwa nimeuficha uchi wa mtu mwingine bila yeye kuniomba.

Siku ya kumi na nne alikuja shuleni. Alikuwa amevaa nguo yake ya kwenda kwenye mazishi. Alibisha mlango wa darasa, Subiri akamkaribisha, akaingia na kufungua fundo la leso juu ya meza ya mwalimu. Zilikuwa mbegu alizozifukua, nyeusi, laini, harufu yake ikafika mpaka kwetu nyuma. Kando yake akaweka ile karatasi, bado ina tundu la msumari.

"Mwalimu," akasema, "nieleze hesabu hii. Mimi sikusoma."

Subiri aliiangalia karatasi, akaziangalia mbegu, akachukua moja akaiminya ikapasuka. Nilimwona anavyofikiri. Alianza kusema pengine mvua, pengine mchwa, kisha akanyamaza, maana alikuwa mkweli na alijua si mvua wala si mchwa. Macho yake yakapanda polepole mpaka kwenye rafu ya nyuma, na kutoka hapo yakashuka kwangu, kwenye kamba ya kiatu. Nilisimama kabla hajaniita. Nikasema mbele ya wote. Safari hii sikulia, na kila mtu aliniamini.

Hakuna aliyekohoa. Mwenzangu alikuwa amegeuka kunitazama wakati nikianza. Nilipomaliza, alikuwa ameshageukia mbele.

Mama yake ndiye aliyesema kwanza. "Huyu alikuja shambani kuniambia," akamwambia mwalimu. "Sikumwamini." Alilisema bila kunitazama, wala hakulisema kwa ajili ya kunitetea. Alikuwa anaweka mambo mahali pake, kama anavyopanga nguo za watu. Kisha akauliza kama kwenye gunia kumebaki kitu.

Subiri alitoka akarudi na gunia. Alilikung'uta juu ya gazeti mbele yetu sote, akaukung'uta mshono, akaukung'uta tena. Zilitoka punje za kujaa viganja viwili, pamoja na vumbi. Akazikunja ndani ya gazeti kwa uangalifu mkubwa akampa kwa mikono miwili. Mama yule alipokwisha kutoka, mwalimu wetu alisimama akiitazama chupa ya wino mezani.

"Kosa la kwanza ni langu," akasema. "Niliwapa namba kabla ya kuwapa maana."

Hakunichapa. Alikuja akaifungua ile kamba shingoni mwangu, akautia ufunguo mfukoni, akaendelea na somo. Ningechagua fimbo.

Baba aliposikia hakupandisha sauti. Alinichukua mpaka kwao mwenzangu, akanisimamisha mlangoni, akaomba radhi yeye kwanza, mtu mzima, kofia mkononi, kisha akaniachia nafasi niombe mimi. Alichukua na debe la mbegu za bibi. Mama wa mwenzangu alitusamehe. Alizipanda mbegu zile, na Jumamosi mbili Subiri alikuja na jembe lake kumsaidia. Lakini mvua haimngoji mtu. Mahindi yale yalifika magotini, mvua ikakatika, yakasimama hivyo hivyo, yakaanza kuwa ya njano kuanzia chini. Wakati sisi tunavuna, yeye alikuwa anang'oa mabua mabichi akiwauzia watu wenye mbuzi.

Akaamua kwenda mji mwingine, kwenye bweni moja lililokuwa linatafuta mfuaji wa kulala huko huko. Mtoto hakuruhusiwa. Mwenzangu angekwenda kwa mjomba wake, mbali. Kwa mjomba kulikuwa na chakula. Shule ilikuwa safari ya saa tatu kwa miguu, na mjomba alikuwa na watoto wadogo wanaohitaji wa kuwaangalia. Hakuna aliyesema hatasoma tena. Walisema tutaona.

Asubuhi ya kuondoka nilikwenda. Sikualikwa. Nyumba ilikuwa imefagiwa, kitanda kimetolewa nje, kamba za kuanikia nguo zimeshushwa na kuzungushwa kama mabunda ya uzi. Mama yake alikuwa anaongea na mwenye nyumba. Mwenzangu alikuwa amekaa juu ya ngazi, furushi liko miguuni. Nikakaa, si karibu sana. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi njia nzima, na sikulipata hata moja.

Yeye ndiye aliyeongea. Hakuwa na hasira. Alikuwa na sura ya mtu anayetaka kumaliza hesabu kabla ya kengele.

"Niambie kweli," akasema. "Zangu zilikuwa ngapi?"

Nikamwambia. "Nne."

Alitikisa kichwa, kama mtu aliyekuwa anategemea sifuri. Nne. Alizirudia kimya kimya, midomo ikicheza, na nikajua anafikiria lile gunia, na foleni ile ya Jumamosi, na mama yake akiwa mmoja wao na chombo chake. Mama yake akamwita. Akasimama, akajitwika furushi, akalisawazisha, na kabla ya kwenda akanigeukia.

"Zilikuwa zinatutosha," akasema. "Ungeniachia nne zangu."